Nililipa pakeji ya kuingia rezidensi Marekani: nilichopata, nilichopoteza, na kwa nini ubingwa unaochagua unaamua karibu kila kitu

Naandika hii kwa madaktari wenzangu wa nyumbani, hasa nyie mliomaliza intern juzijuzi na mnadunduliza hela ya mtihani wa Step 1, ule wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani, mpate kuingia rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini. Karibu kila wiki napata meseji WhatsApp, "dada, ile kampuni iliyokusaidia kuomba rezidensi Marekani ni ipi, nilipie?" na mimi najibu kwa vipande vipande, huyu nusu, yule robo, kwa hiyo leo nimekaa niseme yote kwa mpigo. Kampuni yenyewe siitaji. Ziko nyingi na wanachouza kinafanana, we soma nilichouziwa mimi halafu linganisha na unachouziwa wewe.

Mimi nimesoma Muhimbili, nimemaliza 2019, intern nikafanyia Mbeya, baadaye nikakaa karibu miaka mitatu kwenye wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya mkoa. Step 1 nilifanyia Nairobi mwishoni mwa 2022, wakati huo tayari imeshakuwa ya kufaulu au kufeli tu, maksi hazitolewi tena, na Step 2 CK, mtihani wa pili wa leseni hiyohiyo, nikapata 247 mwaka uliofuata. Nilikuwa nautaka upasuaji. Yaani nautaka kweli, nimesaidia kwenye laparotomi, kufungua tumbo, usiku wa manane jenereta inakohoa, nimeshona, nimesafisha vidonda, na kichwani kwangu hakukuwa na ubingwa mwingine wowote.

Pakeji ilikuwa dola 2,600. Kwa kipindi kile ni zaidi ya milioni sita za kwetu, na kati ya hizo milioni mbili zilitoka kwenye VICOBA ya mama, alikopa kwa jina lake kwa ajili yangu. Ndani yake kulikuwa na vitu vinne: kuhaririwa insha ya kujieleza, kupitiwa fomu ya ERAS (hiyo ndo mfumo wa kutuma maombi), orodha ya programu za kuomba, yaani hospitali zinazofundisha ubingwa, "iliyotengenezwa maalum kwa ajili yako", na intavyuu mbili za majaribio kwa Zoom za dakika 45 kila moja. Na ahadi ya kwamba asilimia 92 ya wateja wao wanamechi. Kwa asiyejua, kumechi ni kuoanishwa na programu kupitia ule mfumo wa NRMP, we unapanga hospitali unazozitaka, wao wanapanga watu wanaowataka, kompyuta inakata shauri, na majibu yanatoka wiki moja kwa wote mwezi wa tatu.

Sasa nianze na simu ya kwanza maana hapo ndo kila kitu kiliharibika. Kijana wa mauzo akaniuliza nataka ubingwa gani, nikamwambia upasuaji wa jumla, na kama inawezekana mifupa. Akasema vizuri sana, maksi zako zinaruhusu, tutakutengenezea orodha. Basi. Simu haikufika dakika kumi na tano. Hakuniuliza nimemaliza mwaka gani, hakuniuliza nina barua ngapi za madaktari wa Marekani, hakuniuliza habari ya viza. Nilikata simu nikiwa na furaha ya mtu aliyeambiwa alichotaka kusikia.

Kitu ambacho mtu yeyote anayechukua hela ya daktari wa nje angetakiwa kuniambia siku ile ni hiki: nafasi za ubingwa Marekani hazigawiwi kwa usawa kwa watu waliosoma nje, tofauti kati ya ubingwa mmoja na mwingine ni kama tofauti ya mlango ulio wazi na ukuta. Magonjwa ya ndani peke yake yana nafasi zaidi ya 10,000 kila mwaka, na madaktari waliosoma nje wasio raia wa Marekani wanachukua zaidi ya robo ya hizo. Tiba ya familia ina zaidi ya 5,000. Magonjwa ya watoto mwaka 2024 yalibakiza nafasi zaidi ya 200 bila mtu. Patholojia na mishipa ya fahamu zimezoea kupokea wageni miaka mingi. Halafu nenda upande wa pili. Upasuaji wa jumla ni nafasi 1,700 hivi za kudumu nchi nzima na wageni wanaopata ni wachache mno, mifupa ni 900 hivi na wageni huko ni wa kuhesabu, upasuaji wa ubongo hauzidi sana 240, na ngozi na upasuaji wa kurekebisha maumbile ndo usiseme, Wamarekani wenyewe wenye maksi za juu wanakosa. Magonjwa ya akili zamani wakubwa zetu walikuwa wanaingia kwa urahisi, sasa hivi wanafunzi wao wenyewe wanayakimbilia na nafasi ya mgeni imebana. Ubingwa wa dawa za usingizi na radiolojia hivyohivyo.

Na haya mambo yanageuka haraka. Mwaka 2023 tiba ya dharura ilibakiza nafasi 554 na kila mtu kwenye magrupu akawa anasema jamani tukimbilie dharura, mwaka uliofuata zilizobaki zilikuwa chini ya 150. Aliyejipanga kwa habari ya mwaka jana alikuta wenzake wameshakaa.

Haya yote hayana siri. NRMP wenyewe wanatoa ripoti kila mwaka, bure, unaipakua kwenye simu, na wana nyingine ya waliosoma nje peke yao inayoonyesha kwa kila ubingwa waliomechi walikuwa na maksi gani na wangapi walikosa. Kurasa ni nyingi na majedwali yanachosha macho lakini ni bure. Mimi nililipa dola 2,600 na hakuna aliyenifungulia hata ukurasa mmoja wa ile ripoti.

Niongelee ile asilimia 92 maana wengi inawashika. Kwa mwaka 2024, kwa waliosoma nje wasio raia wa Marekani, waliomechi walikuwa asilimia 58.5. Mwaka 2025 ikawa asilimia 58. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vyao wenyewe vya udaktari (MD) walikuwa 93.5. Kwa hiyo kampuni inakwambia sisi wageni tukipita mkononi kwao tunalingana na Mmarekani aliyesoma kwao. Nilikuja kuuliza baadaye hesabu wanaipigaje, nikaandika imeili mara tatu, ya tatu ndo wakajibu kwamba wanahesabu wateja wa pakeji kubwa waliopata intavyuu kuanzia tano. Sasa mtu mwenye intavyuu tano au zaidi kazi kubwa si keshaimaliza mwenyewe? Na hata ile 58 ya NRMP usiisome kijuujuu, ile ni kati ya waliofika hadi kuwasilisha orodha ya hospitali wanazozitaka, na mtu asiyeitwa intavyuu hata moja kwa kawaida hana cha kuorodhesha, kwa hiyo hayumo kabisa kwenye hesabu. Wale waliotuma maombi mia wakapata kimya hawaonekani popote. Nataka ulijue hilo kabla hujatoa hela ya mtu.

Orodha ya programu ndo sehemu iliyoniuma kuliko zote. Walinipa programu 120, za upasuaji wa jumla karibu zote pamoja na chache za ile nafasi ya mwaka mmoja. Kutuma tu kwenye ERAS zilinitoka karibu dola 3,000, hiyo nje ya pakeji. Baada ya kukosa nilikaa na daftari la kaunta, nikachukua programu ishirini za kwanza kwenye ile orodha, nikaanza kufungua tovuti zao moja moja na zisizoeleweka nikawaandikia makatibu wao. Kumi na moja hazidhamini viza ya aina yoyote. Imeandikwa kabisa kwenye tovuti, mstari mmoja, hatudhamini viza. Tatu nyingine zinataka mtu aliyemaliza chuo ndani ya miaka mitatu na mimi nilikuwa na minne. Kwa hiyo kati ya ishirini, kumi na nne kompyuta iliniondoa kabla hajatokea binadamu wa kusoma jina langu. Hicho ndo walichokiita "maalum kwa ajili yako". Naamini kabisa ilikuwa orodha moja wanaigawa kwa kila anayetaja upasuaji.

Kuna jambo la kuelewa hapa kwa mdogo wangu anayeanza. Programu inapokea maombi maelfu, kwa hiyo wanaweka filta: mwaka uliomaliza chuo (wengi miaka mitano, wengine mitatu), umefeli mtihani mara ngapi, maksi za Step 2 CK, unahitaji viza au la. Ukishakwama kwenye filta, insha yako hata iandikwe na nani haifunguliwi. Tangu Step 1 iondolewe maksi mwezi wa kwanza 2022, uzito wote umehamia Step 2 CK, kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja tu iweke hapo.

Insha walihariri vizuri kwa Kiingereza, siwezi kusema uongo, sarufi ilinyooka. Lakini walitoa kila kitu cha Mbeya. Nilikuwa nimeandika habari ya kungoja damu kwa saa sita na ndugu wa mgonjwa wakipanga foleni kuchangia, wao wakaweka maneno ya shauku na uvumilivu na kufanya kazi kwa timu. Nikaisoma nikaona inaweza kuwa ya daktari yeyote wa popote, na nikaituma hivyohivyo kwa sababu nimelipia.

Intavyuu za majaribio ndo kitu pekee kwenye pakeji ambacho ningekilipia tena. Ya kwanza nilipewa mzee mmoja, daktari mstaafu, yeye mwenyewe alisoma nje ya Marekani miaka hiyo. Nikaanza kujieleza, mimi ni mchapakazi, napenda kujifunza, akanyanyua mkono kwenye kamera nikanyamaza. Akasema hebu niambie mgonjwa mmoja. Nikamwambia habari ya mama mmoja aliyeletwa wodini kwetu na kidonda cha mguu, mguu umeshakuwa mweusi hadi juu ya kifundo, sukari inasoma juu kabisa kwenye mashine. Nikamweleza jinsi nilivyokaa naye kitandani nikimuuliza, nikakuta miaka minne iliyopita aliambiwa ana kisukari kwenye zahanati, akapewa dawa za mwezi, zikaisha, hakurudi kwa sababu nauli ya bodaboda na hela ya dawa ni hela ya chakula, na hakuna aliyemwambia kwamba ataishi nayo siku zote. Nikamweleza nilivyomwandikia mwanaye ratiba ya dawa kwenye karatasi ya kalenda, na mama alivyorudi baada ya miezi miwili na sukari iliyotulia na gongo lake la mbao. Mzee akakaa kimya kidogo. Halafu akaniuliza, "mbona umeongea dakika sita na mguu umeukata kwa sentensi moja?"

Sikuwa na jibu. Nilifunga kompyuta nikabaki nimekaa. Lile swali nililiweka pembeni kwa sababu maombi ya upasuaji yalikuwa yameshaenda, lakini halikuniacha.

Msimu ule nilipata intavyuu moja. Moja, kati ya 120, na yenyewe ya upasuaji ule wa mwaka mmoja. Huo nao nauongelea kidogo maana watu wanauziwa kama njia ya mkato. Unaingia, unafanya kazi ya mwaka wa kwanza kama wenzako, mwaka ukiisha hakuna anayelazimika kukuendeleza. Wapo waliopita hapo wakapata nafasi ya kudumu, ila wengi wanaanza upya kutafuta wakiwa wamechoka na saa ya viza inahesabu.

Mwezi wa tatu 2024, Jumatatu ya wiki ya mechi, majibu ya kama umepata au hujapata yanaingia kwa saa za kwetu jioni. Nilikuwa kituoni Mwenge nasubiri gari. Nikafungua imeili, mstari wa kwanza unasema samahani, hujapata nafasi yoyote. Gari ikaja nikaiacha ikaondoka, ikaja nyingine. Kuna ile awamu ya pili ya siku chache hukohuko ndani ya wiki, inaitwa SOAP, unaruhusiwa kuomba programu 45 kati ya zilizobaki, nikaomba zote 45, simu haikulia. Kampuni nikawaandikia, wakajibu kwa kunipa punguzo la asilimia 20 nikinunua pakeji ya mwaka unaofuata. Mama hakuniuliza habari ya VICOBA hata mara moja, na hilo ndo lilikuwa zito.

Aliyenitoa pale ni dada mmoja aliyenitangulia chuo miaka mitatu, yeye alishaingia magonjwa ya ndani huko. Nikampigia kumwambia nimekosa, akasubiri nilie nimalize, halafu akasema, "Mdogo wangu, pole sana. Sasa niambie, hizo hospitali ulizoomba, uliangalia waliosoma nje wako wangapi humo ndani?" Nikamwambia sijui hata kama hilo linaangaliwa. Akawasha video, akaniwekea skrini yake, akanifungulia Residency Explorer. Hicho ni chombo cha AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, ukiwa umejisajili ERAS unakitumia bure, unaingiza taarifa zako, unachagua programu, inakuonyesha waliochukuliwa walikuwa watu wa aina gani na unalinganaje nao. Akaniambia pia kila programu nenda kwenye tovuti yao ukurasa wa marezidenti, soma majina na vyuo, uone wapo wa Nigeria, wa Pakistan, wa Sudan, wa Nepal. Ukikuta vyuo vyote ni vya Marekani, usitoe hela yako hapo. Halafu akaniuliza kwa upole, hivi ni kweli unataka upasuaji au ni kwamba ndiko ulikopangiwa wodi? Nikamkumbuka yule mama wa mguu. Nikamkumbuka mzee wa Zoom.

Niseme wazi hapa, sijaenda magonjwa ya ndani kwa sababu ni rahisi. Watu wanasema hivyo na inanikera. Nimeenda kwa sababu nilipojiuliza kwa kweli, wagonjwa ninaowakumbuka majina yao wote ni wa sukari, presha, figo na TB. Takwimu zilinifungulia mlango ila sababu nilikuwa nayo tangu Mbeya na hakuna aliyenisaidia kuiona nilipokuwa nalipa.

Msimu wa pili nilifanya mwenyewe. Nilikaa wiki nne Michigan kwenye observashipu, yaani kuwafuata madaktari wa huko na kuangalia wanavyofanya kazi, nimelala kwa familia ya Watanzania, nikatoka na barua mbili za madaktari walioniona nikifanya raundi nao kila asubuhi. Nikajenga orodha yangu kwenye lile daftari la kaunta, safu tano: viza ipi, mwisho miaka mingapi tangu kuhitimu, asilimia ya waliosoma nje, wanahitaji barua za huko au la, na nina mtu yeyote ninayemfahamu. Nikabaki na programu 80. Bei ya ERAS msimu ule ilikuwa dola 11 kila programu kwa thelathini za kwanza, halafu dola 30 kila moja inayozidi, kwa hiyo zangu zilikuja dola 1,830. Na kuna zile signali, magonjwa ya ndani walikuwa wanatoa 15, tatu za dhahabu na kumi na mbili za fedha, ndo unaiambia programu kwamba wewe nakutaka kweli. Dhahabu zangu zote nilipeleka hospitali za jamii zenye wageni wengi, ikiwemo ile ya observashipu, sikupoteza hata moja kwenye vyuo vikubwa vyenye majina. Kati ya intavyuu nane nilizopata, sita zilitoka kwenye signali. Insha nikairudisha ya Mbeya, na damu, na foleni ya ndugu, na mama wa mguu.

Mwezi wa tatu 2025 nilimechi magonjwa ya ndani, miaka mitatu.

Kwa anayeogopa kwamba akienda magonjwa ya ndani amejifungia, hapana. Baada ya ile miaka mitatu kuna feloshipu, yaani ubingwa bobezi. Moyo na mfumo wa chakula zina ushindani mkali, figo na magonjwa ya kuambukiza kila mwaka zinabakiza nafasi nyingi tu, na hizo mbili kwa nchi zetu ni dhahabu. Na kama roho yako ni upasuaji kabisa, yaani ukifikiria maisha bila kisu unaumwa, basi kabla ya kuwapa hawa watu mamilioni angalia MMed, shahada ya ubingwa, ya Muhimbili, KCMC au Bugando, na angalia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, makao yake yapo Arusha. Utapasua kesi nyingi kuliko mtu anayezungushwa mwaka mmojammoja ugenini. Nimesema hivi kwa rafiki yangu wa karibu, yuko mwaka wa pili sasa na ana furaha.

Viza. Hapa nakuomba usome polepole. Njia ya kawaida ni J-1, viza ya mafunzo na kubadilishana, mdhamini ni ECFMG, taasisi inayothibitisha madaktari waliosoma nje, na unatakiwa barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako inayosema ubingwa huo unahitajika nyumbani na utarudi. Yangu nilifuata Dodoma mwenyewe. Ukimaliza unarudi miaka miwili, au unatafuta msamaha kwa kufanya kazi maeneo yenye uhaba wa madaktari, kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka. Mwezi wa tano 2025, mimi nina mkataba mkononi, wakasimamisha kupanga miadi mipya ya viza za J dunia nzima kwa wiki tatu hivi, nikaanza kazi wiki moja baada ya wenzangu. Septemba mwaka huohuo ada ya dola 100,000 ikawekwa kwa maombi mapya ya H-1B, viza ya kazi, kwa hiyo hospitali nyingi ndogo hiyo njia zimeiweka kando. Burundi iliwekewa vizuizi Juni 2025 ambavyo vinagusa J, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Tanzania nayo imeingia kwenye nchi zenye vizuizi vya sehemu, J ikiwemo. Hii inaweza kubadilika, ila kampuni inayokuuzia pakeji leo bila kukuuliza una pasipoti ya wapi, hiyo usiipe hela. Ndo swali la kwanza walilotakiwa kukuuliza, na we waulize kabla hujatoa namba ya kadi.

Vitu nilivyolipia ambavyo sijutii: benki ya maswali ya UWorld, inauma bei, inazidi dola 400 kwa siku 90, lakini maelezo ya kila jibu ndo kitabu chenyewe, niliyarudia mara mbili. Mitihani ya majaribio ya NBME, bodi ya watahini wa udaktari ya Marekani, kama dola 60 kila mmoja, inakwambia ukweli kama uko tayari au bado, na kumbuka alama ya kufaulu Step 2 CK imepanda kutoka 214 hadi 218 tangu Julai 2025. Nauli ya Michigan.

Hiyo pakeji naipa nyota mbili kati ya tano. Orodha haistahili hata nusu, insha ilinifuta, mauzo walinidanganya kwa kunyamaza, na hela sikurudishiwa. Nyota zote mbili ni za yule mzee wa Zoom. Nilimtafuta baada ya kumechi, nikamwandikia kwamba lile swali la mguu niliulizwa tena kwenye intavyuu tatu msimu wa pili, kwa maneno mengine, na safari hii nilikuwa na jibu. Alijibu siku hiyohiyo, akaniuliza yule mama anaendeleaje.